Kahawa Niliyoimwaga

Mtu wa kwanza kuimwaga kahawa yangu mbele ya macho yangu alikuwa dereva wa lori la korosho. Alitoka Tandahimba, akaegesha lori ng'ambo ya barabara pale Masasi, karibu na stendi, akaingia kwenye chumba changu cha kuuzia kahawa akijifuta shingo kwa kitambaa. Akaagiza kikombe kimoja, bila maziwa. Nikamtengenezea. Alionja, kisha akatoka nacho mpaka nje ya mlango, akaimimina chini taratibu kama mtu anayemwagilia mche. Akarudi na kikombe kitupu, akakiweka mezani kwa adabu zote.

"Dada," alisema, "usinielewe vibaya. Kahawa mimi naipenda sana. Ila hii sijui ni nini."

Akaondoka zake. Kilichoniuma zaidi hakikuwa kule kuimwaga. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeionja kabla yake, nikajua si nzuri, na bado nikampa.

Mimi ni mtu wa Newala. Nilikwenda Dar es Salaam nikiwa binti, nikafanya kazi kwenye hoteli moja kwa miaka tisa. Mitano ya mwanzo nilikuwa jikoni, mikono majini. Baadaye nilipelekwa kwenye mashine ya kahawa, nikafundishwa kusaga, kushindilia unga wa kahawa, kupandisha povu la maziwa mpaka likawa laini kama rangi mbichi. Nilijua kazi ile. Lakini msimamizi wetu alikuwa na desturi yake. Wageni wakiwa wa kawaida, mashine ilikuwa yangu. Wakiingia watu wenye suti, alikuja nyuma yangu akanigusa bega. "Sogea, dada. Wewe osha vikombe." Nami nilisogea. Nilisogea kwa miaka minne, mpaka mwili ukazoea. Mwisho hata asiponigusa, nikiona tai inaingia mlangoni, mkono wangu ulijiondoa wenyewe kwenye mashine.

Mama alipoanguka uani akavunjika nyonga, niliacha kazi nikarudi nyumbani kumuuguza. Alikaa kitandani, akakaa kitini, mwisho akasimama kwa fimbo. Siku alipoanza kunifukuza jikoni kwa fimbo hiyohiyo, akidai ninamwagia chumvi nyingi kwenye kisamvu, nilijua amepona na mimi natakiwa kutafuta la kufanya. Nilikuwa nimenunua mashine ndogo ya kahawa kwa mgahawa mmoja uliokuwa unafungwa, mashine yenye mkono mmoja wa kukamulia kahawa na mkwaruzo mrefu ubavuni. Ilikuwa imefungwa kwenye shuka chini ya kitanda changu, na kila nilipofagia chumba niliigusa.

Nilitaka chumba cha mbele cha nyumba yetu Newala. Kina mlango unaotazama barabara na dirisha pana. Lakini kwetu nyumba ya mama ni mali ya ukoo wa mama, na msemaji wa ukoo ni mjomba, kaka yake mkubwa. Mjomba alikuwa mpima ubora wa korosho tangu ujana wake. Mtu wa kukata punje kwa kisu, kuitazama, kuinusa, na kutoa hukumu kwa neno moja. Nilikwenda kwake, nikapiga goti, nikamwamkia, nikamweleza.

"Chumba kile kina magunia," alisema.

"Nitayahamisha, mjomba."

"Na kahawa ni ya wanaume barazani. Mwanamke ashinde na wanaume kutwa nzima anawamiminia? Watu watasema nini?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipanga njia nzima kutoka nyumbani. Lakini alinitazama, na mimi nikasogea. Wiki iliyofuata nilishuka Masasi na mashine yangu, nikapanga chumba kimoja kwenye yadi iliyo jirani na stendi, nikaajiri fundi akaandika KAHAWA ukutani kwa herufi nyekundu.

Miezi mitatu ya kwanza sipendi kuikumbuka, lakini nitaieleza.

Kahawa yangu ilikuwa na ladha ya msumari. Sijui niseme vipi vingine. Ilikuwa bapa, nzito, na ukishaimeza ulimi unabaki umekauka kama umelamba bati. Nilidhani ni buni, nikabadilisha. Nililetewa nyingine na mabasi yanayotoka Songea, buni ya Mbinga, nzuri, ya kijani inayong'aa. Nilidhani ni ukaangaji wangu, nikakaanga kwa moto mdogo, nikakaanga kwa moto mkubwa, nikainama juu ya chungu nikikoroga mpaka macho yakavimba kwa moshi. Nikasaga laini, nikasaga nene. Msumari ulikuwa palepale. Mwisho nilibaki na kitu kimoja tu cha kulaumu, nacho ni mikono yangu. Nilijiambia kwamba yule msimamizi wa Dar aliona kitu ambacho mimi nilikuwa sikioni.

Basi nikaanza kuomba radhi mapema. Mteja akikaa tu, namwambia, "Samahani, leo haijakaa sawa." Naongeza sukari bila kuulizwa. Naongeza maziwa. Nikaanza kuuza chai ya maziwa kuliko kahawa, na siku moja nilisimama barabarani nikiutazama ukuta wangu, nikiwaza kama fundi angeweza kuligeuza lile neno likasomeka CHAI.

Alikuwepo mwalimu mmoja wa kike, mteja wangu wa kila Jumamosi, mama wa makamo aliyependa kusahihisha madaftari kwenye meza ya pembeni. Siku moja nilipoanza kusema samahani, aliinua kalamu yake nyekundu.

"Mama," alisema, "mimi kila wiki nakuja hapa, na kila wiki unaniomba msamaha kabla sijaonja. Mwanafunzi wangu akinipa daftari akisema 'mwalimu nimekosa', mimi nalifungua nikitafuta kosa. Nalipata tu."

"Lakini kweli si nzuri, mwalimu."

"Kama si nzuri, kwa nini unanipa?"

Alikunywa nusu, akaacha nusu, akaendelea na madaftari yake. Neno lake nililala nalo, nikaamka nalo.

Mwisho wa mwezi ule nilipanda Newala kumwona mama. Nilibeba mkoba mdogo wa kahawa niliyokaanga mwenyewe, si kwa kuitaka, ila nilikuwa sitaki ilale dukani bure. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ile ya kwetu inayoingia mpaka kwenye mifupa ya vidole. Mama alikuwa anachemsha mihogo. Nikachota maji kwenye tangi lake, nikayachemsha kwenye sufuria ndogo, nikatia kahawa, nikaichuja kwa kitambaa safi. Hakukuwa na mashine wala kipimo. Nilitaka tu kitu cha moto mkononi.

Nikaonja. Nikaonja tena. Nikaweka kikombe chini.

"Una nini?" mama aliuliza. "Umeungua?"

"Mama, imetoka."

"Nini kimetoka?"

"Kahawa. Imekuwa kahawa."

Ilikuwa na uchungu mwembamba, safi, halafu nyuma yake utamu kama wa kibibo cha mkorosho kilichoiva sana. Punje zilezile, mkono uleule. Nilimpa mama, ambaye hakuwahi kunywa kahawa maishani mwake. Alionja kama mtu anayeonja dawa, akakunja uso.

"Chungu," alisema. "Lakini haina ubaya wa maji yako ya Masasi."

"Umejuaje?"

"Nimelazwa Masasi wiki tatu na nyonga hii, nisijue maji yake? Ile hospitali maji yake yalikuwa mazuri. Kwenye yadi yako ndiyo mabaya. Nilipokuja kukutazama, ukanipa maji ya kunywa, nikasema moyoni, mwanangu anakunywa kutu."

"Na hukuniambia?"

"Nilijua unayaonja. Una ulimi."

Akaniambia tena yale niliyoyasikia utotoni bila kuyasikiliza. Kwamba zamani, kabla ya mabomba na matangi ya mvua, huku juu hakukuwa na tone. Yeye na dada zake waliteremka bondeni na vyungu alfajiri wakarudi jua limesimama utosini. Kila chemchemi ilikuwa na ladha yake, na mtoto wa kike aliyeteka pale pa karibu ili awahi kurudi aligunduliwa pale bibi alipomimina maji kinywani. "Tulipigwa kwa ladha," mama alisema, akacheka mpaka akashika nyonga. "Sisi huku tunayajua maji kwa ulimi. Wewe ulikwenda Dar ukasahau."

Sikucheka naye. Nilikuwa naihesabu ile miezi mitatu kichwani. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu isipokuwa kile kilichojaza kikombe.

Nilirudi Masasi na madumu mawili ya maji ya mvua. Kondakta aliyaangalia akashika kiuno. "Mama, watu wanateremsha korosho, wewe unateremsha maji?" Abiria wakacheka. Nikayaweka katikati ya miguu yangu, nikayashikilia njia nzima kama watoto.

Siku hiyohiyo nilitengeneza vikombe viwili, kimoja kwa maji ya mvua, kingine kwa maji ya kisima cha yadi. Tofauti ilikuwa wazi, lakini nilikuwa bado sijiamini. Nilitaka ulimi wa mtu mwingine. Na ulimi wa kahawa niliokuwa naujua pale stendi ulikuwa mmoja tu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mzee aliyeuza kahawa chungu kwa birika, jiko la mkaa chini yake, vikombe vidogo ndani ya ndoo, kashata kwenye sahani. Tangu nihamie, wateja wake walikuwa hawapungui. Nilikuwa najisemea kwamba ile yake ni kahawa ya mazoea, mimi nina mashine.

Nilivuka barabara na vikombe vyangu kwenye sinia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alinitazama kwa muda. "Leo umevuka."

"Naomba unionjee."

Alionja cha kwanza, akakitema pembeni bila kuficha. Akasuuza kinywa. Akaonja cha pili, akakinywa chote.

"Hiki cha pili umeteka wapi maji?" aliuliza.

Nilikaribia kulia. "Mzee, ulijua kama tatizo ni maji?"

"Kisima cha ile yadi kila mtu anakijua. Hata fundi magari hajazi kwenye rejeta. Mimi naletewa maji na mama mmoja wa Chiwata, ana chemchemi chini ya mlima kule. Yanakuja kwa baiskeli kila baada ya siku moja."

"Kwa nini hukuniambia, mzee? Miezi mitatu!"

"Hukuuliza." Alianza kupanga vikombe vyake, hana hasira. "Ulihamia hapa na mashine. Ukanisalimia siku ya kwanza, basi. Nikasema, huyu amesoma, anajua anachofanya."

Aibu iliyonishika pale ilikuwa ya aina nyingine, wala haikuwa ile ya kunyamaza na kusogea. Nilivuta kigoda, nikakaa mbele ya birika lake, nikanywa kahawa yake kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nzuri. Nilimwambia hivyo. Nikamuuliza anakaangaje, na akanieleza, na lile somo liliendelea kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Yule mama wa Chiwata akaanza kuniletea madumu na mimi.

Tangu siku ile nilijiwekea sharti moja. Kikombe nisichokipenda mimi mwenyewe hakivuki meza. Mwanzoni lilinigharimu. Kulikuwa na asubuhi nilimwaga vitatu ndipo nikatoa cha nne, na mteja amekaa anatazama simu, anapiga miguu sakafuni. Lakini nilimwaga. Na neno samahani nililiacha. Si kwamba nilikuwa na kiburi. Nilikuwa nimekata shauri kwamba kama kuna la kuombea radhi, basi lisifike kwa mteja kabisa. Jumamosi moja mwalimu alikunywa kikombe chake chote, akaomba cha pili, akaendelea na madaftari.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyokwisha. Kisha mjomba akaja.

Alikuja bila taarifa, amevaa koti lake la kahawia, akakaa kwenye meza ya mlangoni. Nikapiga goti nikamwamkia. Alitazama mashine, akatazama kuta, akatazama wateja wawili waliokuwepo, mmoja wao mwanamke.

"Mama yako anazeeka," alisema. "Hawezi kukaa peke yake kule."

"Najua, mjomba. Ndiyo maana nataka chumba cha mbele."

Nilishangaa kulisikia neno lile. Lilitoka lenyewe, bila kutetemeka. Mjomba pia alishangaa. Akakuna kidevu.

"Wakulima wana mkutano mwezi ujao," alisema hatimaye. Alitaja kijiji kimoja jirani na Newala. "Kuna wageni watakuja. Wananiuliza nani atapika chai. Nitawaambia ni wewe, na iwe kahawa. Watu wazima wataona, na mimi nitaona."

Nilijiandaa kwa mkutano ule kama mwali anayeandaliwa kutolewa nje. Nilikaanga buni siku mbili kabla ili itulie. Nilikodi gari ndogo, nikapakia mashine, vikombe, sufuria kubwa mbili, mkaa na vichujio vya kitambaa, maana umeme wa kwetu naujua. Kitu kimoja sikukibeba. Waandaaji wa mkutano walinipigia simu wakaniambia, "Maji usihangaike nayo, mama. Yapo, tena ya mvua, pipa zima." Nikafurahi, kwa kuwa yalikuwa ya mvua.

Umeme ulikatika kabla hata sijaichomeka mashine. Haikunisumbua. Nilikoka majiko mawili, nikachota maji kwenye pipa la buluu lililokuwa limewekwa kivulini, nikachemsha, nikatia kahawa. Ukumbini wageni walikuwa wameketi meza kuu, wakulima wamejaa mabenchini, wengine wamesimama madirishani. Harufu ya kahawa ilikwenda mpaka kwao na nikaona vichwa vinageuka. Nilichuja kikombe cha kwanza, nikakionja, kwa lile sharti langu.

Kulikuwa na kitu.

Si msumari. Kilikuwa kitu kidogo sana, kimejificha nyuma kabisa ya ulimi, baada ya uchungu kupita. Kama harufu ya shamba asubuhi ya siku ya kupulizia mikorosho dawa. Nikateka maji mabichi kwenye pipa, nikayanusa, nikayagusa kwa ncha ya ulimi, nikatema. Kilikuwemo.

Mwenyekiti wa mkutano alikuwa amekwisha simama nyuma yangu. "Mama, wageni wanasubiri. Gawa."

"Siwezi kuigawa hii, mwenyekiti. Maji yana dawa."

Akachukua kikombe, akanusa. "Mimi nasikia kahawa tu. Kahawa si ndiyo chungu? Gawa, mama, utatuaibisha."

Miongoni mwa waliofuatana na wageni alikuwemo kijana mmoja nadhifu, mwenye kitambulisho kifuani. Alikuja akikunja mikono ya shati. "Mimi nimefanya kazi mahotelini," alisema kwa upole. "Niachie mimi sufuria, wewe shika vikombe."

Mwili wangu uliisikia sauti ile na ukaitambua. Mguu wa kulia ulikwisha anza kurudi nyuma. Niliuona ukirudi. Na nakumbuka vizuri kwamba niliurudisha pale ulipokuwa, nikausimamisha.

"Hapana, kaka," nilisema. "Hii ni kazi yangu. Nenda ukakae, ikiwa tayari nitakuletea."

Kisha nikashika sufuria kwa vitambaa viwili, nikaipeleka pembeni mwa ukumbi, nikaimwaga yote. Ilikuwa nyingi. Ilichukua muda mrefu kuisha, na mvuke ulipanda mpaka ukanifunika uso. Nikarudi, nikachukua sufuria ya pili, nikaimwaga nayo.

Nilimwona mjomba akiinuka kwenye benchi. Alikuja taratibu, mikono nyuma, uso umefungwa. Nilidhani ananijia mimi. Akanipita. Akaenda kwenye pipa, akachovya vidole viwili, akavisugua, akavinusa kama alivyokuwa akinusa punje za korosho miaka yote ile. Akavinusa mara ya pili, akafumba macho. Kisha akageukia ukumbi.

"Pipa hili limeletwa na nani?"

Halafu kutoka benchi la nyuma akasimama mkulima mmoja, kofia mkononi, sura imemshuka. Alisema pipa ni lake. Alisema msimu uliopita lilikuwa la kuchanganyia dawa ya mikorosho, lakini alikuwa amelisuuza kwa sabuni, mara mbili, kwa mkono wake mwenyewe, na aliamini limetakata. Nilimwonea huruma. Alikuwa ametaka kusaidia, na sasa watu wote walikuwa wanamtazama. Mwenyekiti alikitazama kile kikombe alichokuwa bado amekishika, akakiweka chini polepole sana.

"Limwagwe," mjomba alisema. "Na pipa litobolewe, lisije likabeba maji tena."

Kina mama waliokuwa madirishani hawakungoja kuambiwa. Walitawanyika majumbani kwao, wakarudi mmoja mmoja na ndoo vichwani. Nami nilionja kila ndoo kabla sijaipokea, mbele yao, bila haya. Moja niliikataa kwa kuwa ilinuka moshi, na mwenyewe akacheka, akasema kweli, ilikaa jikoni. Mkutano ulianza bila kahawa. Kahawa ilifika saa nzima baadaye, watu wakiwa katikati ya mabishano, nikapita na sinia kuanzia meza kuu mpaka madirishani. Yule kijana wa kitambulisho nilimpelekea mwenyewe. Wazee waliozoea vikombe vidogo walikunywa wakaomba tena. Wapo walioomba sukari nyingi, nikawapa. Wapo walioacha. Sikuuliza kwa nini.

Tulirudi Newala kwa gari lilelile, mjomba mbele, mimi nyuma na sufuria zangu. Alizungumza na dereva habari za mvua, na za mikorosho ya Chilangala inayohitaji kupogolewa. Tulipofika nyumbani, aliteremka, akasimama mbele ya kile chumba, akasukuma dirisha kwa kiganja kuona kama bawaba zimeshika.

"Magunia nitayapeleka kwangu," alisema. "Chumba kipigwe chokaa kwanza. Huwezi kupikia watu kwenye kuta hizi."

"Ahsante, mjomba."

"Na lile jambo la wanaume barazani," aliongeza akiwa anaondoka, hajanigeukia, "atakayesema kitu, mwambie aje aseme kwangu."

Masasi nilikaa mpaka kodi yangu ya pango ilipokwisha. Mzee wa birika nilimuaga kwa kunywa naye asubuhi nzima. Hakunipa nasaha yoyote. Alinipa kashata nne kwenye gazeti, akasema kule juu nitazihitaji kwa sababu wanawake wa Newala hawajui kutengeneza kashata. Nilimbishia mpaka basi likapiga honi.

Siwezi kudanganya kwamba Newala walinipokea kwa vigelegele. Wiki za mwanzo watu walipita wakichungulia kupitia ule ukungu wa asubuhi, wakasalimia, wakaenda. Kisha wakaja walimu, wakaja wauguzi wanaotoka zamu, wakaja wazee wawili waliodai wamekuja kumjulia hali mama. Baadaye kina mama wanaotoka sokoni wakaanza kukaa, kapu miguuni, wakanywa kahawa na muhogo wa kuchemsha kana kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Mama anakaa karibu na dirisha na fimbo yake. Kahawa mpaka leo haipendi, na humwambia kila mteja hivyo.

Kuna mchana mmoja nataka kuusimulia kabla sijanyamaza. Aliingia bwana mmoja mwenye suti ya kijivu na tai, pamoja na watu wawili. Alikuwa na haraka, hata kukaa alikaa upande. Akaagiza kapuchino. Nilisaga, nikashindilia, nikaikamua kahawa kwenye mashine, ikatoka vizuri. Nikaanza kupandisha maziwa, umeme ukayumba, na povu likakatika, likawa mapovu makubwa na maji.

"Hii sikupi," nilimwambia. "Subiri nitengeneze nyingine."

Alitazama saa yake. "Itachukua muda gani?"

"Dakika tano. Umeme ukikubali."

Akafikiri. Akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akakaa sawasawa. Nikamwaga yale maziwa, nikasafisha jagi, nikaanza upya. Mkono ulikuwa juu ya mashine, na ulibaki pale. Ilipokuwa tayari nilionja ya kwangu kwanza, kisha nikampelekea yake. Aliinywa yote, akiongea na wenzake mambo ya barabara. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Aliomba glasi ya maji, akayanywa, akavaa koti, akaaga, akaenda.

Kulikuwa na mama mwingine anasubiri mlangoni, ametua ndoo ya mbaazi. Nikamkaribisha ndani, nikamuuliza anataka ya maziwa au kavu.